Umekosa nafasi ya udaktari na unataka kuomba tena: niliyoyapitia mimi mtu wa Amu

Waalaikum salaam, dada wa Malindi. Umesema ulipata B+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, ukajaza udaktari na udaktari wa meno kwenye machaguo yako yote ya KUCCPS, ile idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, ukakosa. Sasa wataka kuomba tena, na umeuliza: ukijitolea hospitali mwaka mzima, ombi lako litakuwa na nguvu zaidi? Nyumbani nao wanakusukuma uende KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ukasomee tiba ya kliniki, neno liishe. Mimi ni mtoto wa Amu, yaani Lamu. Nilikosa mara ya kwanza kama wewe, nikapata mara ya pili, na leo ni daktari. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu wakati wangu walionishauri walikuwa watu wema walionipenda sana, lakini hakuna hata mmoja aliyejua ombi linasomwa vipi na anayelisoma ni nani.

Swali lako la kujitolea lina majibu mawili, kutegemea unaomba wapi.

Ombi la KUCCPS husomwa kwa tarakimu peke yake. Mfumo unachukua masomo yako manne ya klasta, yaani yale yanayotakiwa na kozi unayoiomba, unayachanganya na jumla ya masomo saba, unapata pointi zako kati ya 48, kisha unawapanga waombaji wote wa kozi ile kutoka juu kushuka mpaka nafasi ziishe. Hamna mahali pa kuandika kwamba ulikesha wodini, wala pa kupachika barua ya muuguzi mkuu. Ukijitolea mwaka mzima kisha ukaleta cheti kile kile, umeleta ombi lile lile. Na zile pointi za miaka iliyopita zinazoonyeshwa kwenye tovuti yao, wengi huzielewa visivyo. Si kizingiti ambacho chuo kimekiweka mapema. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Mwaka ujao wakija waombaji wenye alama za juu zaidi, zinapanda. Kwa hivyo anayerudi kuomba asilenge kuzigusa, alenge kuzipita.

Hilo ni kando na sharti la KMPDC, lile baraza la madaktari: wastani usiopungua B ya kawaida, pamoja na B kwenye Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. B hiyo inakupa ruhusa ya kusomea udaktari, haikupi kiti. Kabla ya jambo lolote, toa karatasi yako ya matokeo uitazame somo kwa somo. Kuna mtu ana B+ ya wastani lakini Kemia ana B-. Huyo tatizo lake si ushindani. Kwa karatasi ile hana sifa, iwe chuo cha serikali au cha binafsi, na akiomba kila mwaka jibu halibadiliki mpaka ile Kemia ibadilike. Nimemwona binti mmoja kutoka Faza akilipa pesa za fomu kwenye vyuo viwili vya binafsi ndipo anaambiwa hivyo, na pesa zile hazirudi.

Mimi langu lilikuwa ushindani. Masharti nilikuwa nayo yote, pointi ndizo zilizopungua. Basi nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi yenyewe na ndipo watu hupita mbio.

Kwanza, tarehe. Usajili wa KNEC, baraza la mitihani, hufunguliwa mapema mwakani, matokeo ya mtihani uliopita bado yanajadiliwa mabarazani. Anayesubiri mpaka KUCCPS imalize kupanga watu ndipo aamue kurudia, mara nyingi hukuta usajili umefungwa, na mwaka mwingine umekwenda. Pili, kituo. Lazima upate shule itakayokupokea kama mtahiniwa wa kibinafsi, na kwa sisi watu wa sayansi si kituo chochote tu. Kwenye Kemia na Biolojia, karatasi ya tatu ni ya vitendo, na ina alama 40 kati ya 200. Ukisomea nyumbani na vitabu vyako, nadharia utaishika, lakini mkono husahau. Mimi nilimwendea mwalimu wa Kemia wa shule ya karibu, nikamweleza shida yangu bila kuficha, akaniruhusu kuingia maabara Jumamosi pamoja na kidato cha nne wake. Nilijifunza upya kupima asidi na besi mpaka tone la mwisho, na kuzitambua chumvi kwa rangi na mvuke. Naamini Jumamosi zile ziliniongezea zaidi kuliko masomo yote ya jioni niliyolipia. Hapo Malindi shule za sekondari zenye maabara ziko kadhaa. Nenda mapema, nenda na mzazi, na uombe kwa adabu.

Tatu, fanya masomo yote saba. Kuna wanaoshauri urudie mawili tu yaliyoanguka. Kwa mwenye kutaka KUCCPS ushauri huo haufai, maana hesabu yao inataka jumla ya masomo saba ya mtihani mmoja. Tangu mtihani wa 2023 wastani unatokana na Hesabu, lugha moja kati ya Kiswahili na Kiingereza, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kaa chini na mwalimu umwulize kwa mpango huo wewe wapi una pointi zilizolala.

Nikuambie zangu zilikuwa wapi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba udaktari ni Biolojia na Kemia, nguvu zote nikazimwaga huko. Lakini pointi ya Kiswahili ina uzito sawasawa na ya Fizikia ikiingia kwenye ile jumla. Mtoto wa Amu aliyelelewa na Kiswahili tangu kuzaliwa anatoka na B+! Insha nilikuwa naandika vizuri, ile karatasi ya Lugha ndiyo iliyokuwa ikinikata: ufupisho, uchanganuzi wa sentensi, isimujamii. Kuzungumza lugha ni jambo moja, kujibu maswali ya sarufi sanifu ni jambo jingine. Na Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo nilikuwa nimeisoma madrasani tangu utotoni, nilikuwa naidharau kwa sababu si sayansi. Masomo hayo mawili yaliposimama, jumla ilipanda kwa namna ambayo Fizikia peke yake isingeweza.

Jambo moja la kulizingatia kwenye uamuzi wako: kundi la mwisho la KCPE, mtihani wa darasa la nane, lilifanya mtihani 2023, kwa hivyo ndilo linalomaliza kidato cha nne 2027. Mfumo wa 8-4-4, ndio wenye mtihani huu wa KCSE, unakunja mkeka. Ukiwa na nia ya kurudia, usiiahirishe.

Sasa jibu la pili. Kuna vyuo visivyotazama cheti peke yake. Chuo Kikuu cha Aga Khan cha Nairobi, kwa mfano, kina mtihani wake wa kuingilia na usaili. Hapo kujitolea kuna maana kubwa, ilimradi uwe umejitolea kikweli. Mwaka ule wa kurudia mtihani mimi nilikuwa nikienda zahanati moja kisiwani Pate, kwa ruhusa ya muuguzi aliyeisimamia. Sikugusa sindano wala dawa, na wewe usikubali kuguswa na tamaa hiyo, hata ukiambiwa ni kitu kidogo. Nilipima uzito wa watoto, niliandika daftari, niliwapanga kina mama wa kliniki, nilikuwa mkalimani kwa wauguzi waliotoka bara.

Siku moja mama mjamzito akaanza kutokwa na damu, boti ya wagonjwa ikaitwa, na bahari nayo ilikuwa imekupwa. Wanaoijua njia ya Mkanda, ule mkondo kati ya kisiwa cha Manda na bara, wanaelewa: maji yakikupwa, chombo hakipiti, na ukizunguka nje wakati wa upepo wa kusi unaingia bahari nyingine kabisa. Tulingoja. Yule muuguzi alikuwa akihesabu pumzi za mama, akimpima presha, akitengeneza dripu, na huku akizungumza kwa simu na daktari wa hospitali ya King Fahad, kule Lamu mjini, amweleze la kufanya. Mama alifika hospitali salama, alhamdulillahi.

Nilipoulizwa kwenye usaili kwa nini udaktari na si uuguzi, nilikuwa na la kusema. Nilieleza kwamba muuguzi yule alifanya yote aliyoruhusiwa na kazi yake, na kwamba nilitaka kuwa yule wa upande wa pili wa simu, kisha siku moja nisiwe upande wa pili wa simu bali niwe pale pale. Wakaniuliza maswali ya kufuatia, mengi, kuhusu damu, kuhusu usafiri, kuhusu ningefanya nini boti isingekuja. Nilipojua nilijibu, na nisipojua nilisema sijui. Mtu aliyetembelea wodi wiki moja ili apate cheti cha kujitolea hawezi kustahimili maswali ya kufuatia, na wasaili wanalijua hilo.

Barua za mapendekezo ni hivyo hivyo. Huku kwetu tuna mazoea ya kukimbilia barua ya chifu au ya mwakilishi wa wadi, kwa sababu ina muhuri mkubwa. Barua ya mtu asiyewahi kukuona ukifanya kazi haisemi kitu. Bora mistari michache ya muuguzi aliyekuona ukija kwa wakati, ukikosolewa na ukijirekebisha.

Kwa hivyo, dada, ukitegemea KUCCPS peke yake, wakati wako mwingi uende kwenye vitabu na maabara. Ukiomba na vyuo vya usaili, tenga siku moja au mbili za wiki kwa hospitali. Asubuhi mpaka jioni wodini, siku zote, huku unarudia mtihani, sikushauri.

Kuhusu majina, watu wa Pwani tusikilizane. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha shule Muhammad, kitambulisho kina jina la babu ambalo cheti hakina. Waombaji wazuri hukwama hapo. Laza karatasi zako zote mezani leo, ulinganishe herufi kwa herufi, na kama hazikubaliani anza kufuatilia hati ya kiapo kabla ya msimu wa maombi. Na fomu yako jaza mwenyewe. Kwenye duka la saiba lipia intaneti, lakini vidole viwe vyako, na ukitoka hakikisha umefunga akaunti. Safari hii pia usijaze udaktari na udaktari wa meno peke yake. Weka juu udaktari, na chini uweke kozi ambayo ukipewa utaisoma kwa moyo: famasia, uuguzi, tiba ya kliniki ya digrii. Dirisha la kurekebisha machaguo likifunguliwa, ingia siku zile zile.

Wazazi wako kuhusu KMTC hawajakosea. Afisa wa kliniki ndiye anayetibu watu wengi wa kaunti zetu, na diploma ile ya miaka mitatu inakupa kazi yenye heshima. Kuna vyuo vinavyowapokea kwenye udaktari wenye diploma hiyo waliofaulu vizuri. Lakini ukiichukua, ichukue kwa kuipenda. Njia ya kutoka pale hadi udaktari ni ndefu: miaka mitatu, kisha sita mingine, na mara nyingi ada unajilipia. Nimefanya kazi na waliopita njia hiyo, na wodini mikono yao imetulia kuliko yetu.

Utasikia pia habari za nje. Vijana wengi wa Lamu, Malindi na Mombasa walikuwa wakienda Khartoum, na vita vilipozuka Aprili 2023 masomo yakakatika, wakarudi na mabegi. Sisemi usitoke nchi. Nasema kabla hujalipa hata shilingi kwa wakala, wasiliana na KMPDC uulize chuo hicho kinatambuliwa au la, na mhitimu wake anatakiwa kufanya mtihani gani akirudi kabla ya kuanza mafunzo ya hospitalini. Uganda nayo uulize kuhusu mwaka wa maandalizi, maana wao wana kidato cha tano na sita.

Ada ndiyo itakayoamua mengi. Ukipangwa na KUCCPS kwenye chuo cha umma, unaweza kuomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Chuo cha binafsi kwa udaktari ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, miaka sita, na basari ya kaunti haitafika hata robo. Ongea na baba yako kwa tarakimu, si kwa matumaini, kabla hujalipa fomu.

Sasa nina ombi. Niandikie hapa alama zako za masomo yote, somo kwa somo, lakini usiweke jina wala namba yako ya mtihani. Nikiona Kemia yako na lugha zako zikoje, nitaweza kukuambia kama nafuu yako iko kwenye kurudia, au kwenye usaili, au kama wazee wako wameona mbele.