Mzigo Hufungwa Kuanzia Ndani ya Begi

Katika safari yangu ya kwanza ndefu ya pikipiki nilitumia karibu saa nzima asubuhi nikikaza mikanda ya mabegi, na nilipoondoka niliamini kwamba hakuna kitu ambacho kingeweza kutikisika. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Niliposimama niliona kwamba begi la upande wa kulia lilikuwa limeshuka kiasi cha upana wa vidole vinne, limelalia bomba la moshi, na kitako chake kilikuwa kimeyeyuka hadi moto ukafikia nguo zilizokuwa ndani. Mkanda haukukatika, wala bizimu halikufunguka. Ni vile vitu nilivyovisukumia ndani ya begi bila mpangilio ndivyo vilivyojipanga upya kutokana na mitikisiko ya barabara. Begi likapungua unene, na mkanda uliokuwa umekaza alfajiri ukawa umelegea pasipo mtu kuugusa.

Tukio hilo lilinifundisha jambo ambalo bado naliona kuwa msingi wa shughuli hii yote, nalo ni kwamba begi laini halina umbo lake lenyewe, bali hupata umbo kutokana na vitu vilivyomo. Sanduku gumu la chuma au la plastiki hubaki vilevile hata likiwa tupu, kwa sababu hushikiliwa na fremu yake na komeo. Begi la turubai au la nailoni hutegemea mkanda, na mkanda nao hutegemea kuwepo kwa kitu kisichosinyaa cha kubana. Ndiyo maana msafiri anayenunua mikanda bora kuliko yote, kisha akaifunga juu ya begi lililojaa hewa na nguo zilizorundikwa, atakuwa anakaza upya kila baada ya muda mfupi bila kuelewa sababu.

Pamoja na hayo sijawahi kutamani kuhamia kwenye masanduku magumu. Mabegi laini ni mepesi, hayapanui sana pikipiki, na pikipiki ikianguka kwenye mchanga au matope hayambani dereva mguu kwa ukatili ule wa sanduku la chuma. Kasoro yake kubwa ni usalama dhidi ya wezi, kwa kuwa kisu hulipasua kwa urahisi. Kwa sababu hiyo nyaraka na fedha hukaa mwilini mwangu muda wote, na siachi begi mahali nisipoweza kuliona.

Sasa nianze na upakiaji. Kila kundi la vitu nalitia kwanza katika mfuko wake mdogo: nguo katika mmoja, vifaa vya kulalia katika mwingine, vyombo vya kupikia katika wa tatu. Kila mfuko naukandamiza kwa goti hadi hewa yote itoke, ndipo naufunga. Mifuko hiyo hupangwa ndani ya begi kubwa kama matofali, na nafasi zinazobaki katikati huzibwa kwa soksi, taulo au fulana. Kipimo changu ni rahisi: begi likishafungwa nalinyanyua na kulitikisa karibu na sikio, na nikisikia chochote kikigonga au kikiteleza, nalifungua tena. Ikiwa begi ni kubwa kuliko mzigo, ni afadhali kutumia begi dogo kuliko kubeba nafasi tupu, na kama hakuna dogo, basi lipunguzwe kwa mikanda yake ya kubania hadi liwe gumu kama mto ulioshindiliwa.

Vitu vyenye ncha au kingo kali vinahitaji uangalifu wa pekee. Ukingo wa sufuria au ncha ya bisibisi ikigusana na ngozi ya begi, mtetemo wa injini huifanya isugue mahali palepale kwa maelfu ya mara, na baada ya siku chache tundu hutokea hata kwenye kitambaa kinachosifiwa kwa ugumu. Vifaa vyangu vya matengenezo huviringishwa katika kitambaa kizito na kuwekwa katikati ya vitu laini. Mafuta ya jiko nayo hayakai pamoja na chakula wala nguo. Yanabebwa katika chupa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, upande ulio mbali na bomba la moshi.

Kuhusu maji, naamini zaidi mfuko usiopenya maji ulio ndani kuliko kifuniko cha mvua kinachovishwa juu ya begi, kwa kuwa kifuniko hicho hupepea kwa upepo, hukusanya maji upande wa chini, na wakati mwingine hupeperuka kabisa. Begi la aina ya kukunja mdomo ni zuri mno, ila mdomo wake lazima ukunjwe angalau mara tatu, tena bila makunyanzi, kabla ya kubana vifungo. Mkunjo mmoja au miwili hauzuii mvua inayopigwa na upepo wa mwendo wa kilomita 90 kwa saa.

Baada ya hapo huja suala la uzito, ambalo wengi hulikadiria kwa macho tu. Kitabu cha maelekezo cha pikipiki hutaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, na ndani yake vimo pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta, dereva, abiria, mabegi na kila kilichoongezwa. Tuseme kiwango hicho ni kilo 380 na pikipiki iliyojaa mafuta ina kilo 200. Zinabaki kilo 180. Dereva mwenye mavazi yake kamili akiwa na kilo 90 na abiria akiwa na kilo 65, mizigo yote imebakiwa na kilo 25 tu, na hapo hatujahesabu uzito wa keria wala wa mabegi matupu. Keria ya nyuma nayo huwa na kikomo chake, ambacho katika pikipiki nyingi ni kilo chache, 5 hadi 10. Kwa hiyo pima mzigo wako kwa mizani ya kweli. Mimi husimama kwenye mizani ya kawaida nikiwa nimebeba begi, kisha natoa uzito wangu.

Mahali uzito ulipo ni muhimu kama ulivyo wingi wake. Kitu chochote kilicho nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hufanya kazi ya wenzo: hukandamiza nyuma na kulipunguzia gurudumu la mbele uzito, na gurudumu la mbele likiwa jepesi, usukani hulegea mkononi na pikipiki inaweza kuanza kuyumba katika mwendo wa kasi au inapopitwa na lori. Vitu vizito, yaani spana, maji, vipuri na vyakula, vinapaswa kukaa chini na mbele ndani ya mabegi ya pembeni, karibu na mapaja ya dereva kadiri inavyowezekana. Hema na mfuko wa kulalia, ambavyo ni vikubwa lakini vyepesi, vinaweza kukaa juu ya kiti cha nyuma. Pande mbili zinapaswa kulingana, na tofauti ya kilo moja haitakusumbua, lakini ya kilo tano utaihisi katika kila kona.

Nikija kwenye kufunga kwenyewe, kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kutegemea kamba za mpira zenye kulabu. Kamba ya mpira kazi yake ni kuvutika, na kitu kinachovutika hakiwezi kuzuia begi lisisogee. Pikipiki ikiruka tuta, begi huruka nayo kisha hurudi mahali pengine. Zaidi ya hayo, kulabu ikichomoka wakati mtu anaivuta hurudi kwa nguvu kuelekea usoni, na watu wameumizwa macho kwa namna hiyo. Wavu wa mpira naukubali kwa kazi moja, kushikilia koti la mvua juu ya mzigo ambao tayari umefungwa imara kwa njia nyingine.

Mkanda bapa wenye bizimu la kubana kwa meno ndio ninaoupendelea. Mkanda wa poliesta huvutika kidogo sana hata ukilowa, ilhali wa nailoni hurefuka unaponyonya maji, na ndiyo sababu mzigo uliofungwa kwa nailoni wakati wa jua huhitaji kukazwa tena mvua inapoanza. Mikanda ya kukazia kwa wenzo wa meno, ile inayotumika kufunga mizigo kwenye malori, ina nguvu kupita mahitaji yetu: hupasua mabegi, hupinda keria, na bizimu lake zito husugua rangi.

Mkanda ufungwe kwenye fremu, kwenye keria au kwenye vishikio vya abiria vilivyoshikwa kwa bolti. Usifungwe kwenye indiketa, madigadi ya plastiki wala kibao cha namba. Hasa usifungwe kwenye ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma, kwa sababu mkono huo hupanda na kushuka pamoja na shokapu. Kila mkono huo unapopanda, mkanda hulegea, na kila unaposhuka, mkanda huvutwa kwa nguvu. Begi la nyuma linahitaji pointi nne, mbili zikilivuta kuelekea mbele na mbili kuelekea nyuma, huku zote zikivuta pia kwenda chini. Mkanda mmoja unaopita juu katikati hulizuia begi lisipae, lakini dereva akifunga breki kwa ghafla haulizuii lisije mgongoni mwake. Nafunga begi hilo kwanza, kisha nalishika kwa mikono miwili na kulisukasuka pande zote. Pikipiki nzima ikitikisika pamoja nalo, kazi imekamilika. Begi likitikisika peke yake, narudi mwanzo.

Ncha za mikanda zinastahili aya yao wenyewe, kwa kuwa naziona kuwa hatari kuliko bomba la moshi. Mkanda unaoning'inia kwa sentimita 30 tu hupepea nyuma hadi uifikie cheni au spoku, na ukinaswa, sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshikana na cheni, huuvuta kwa nguvu ya injini. Begi hung'olewa, au gurudumu la nyuma hukwama ilhali pikipiki inakwenda. Kila ncha naiviringa, naipitisha chini ya mkanda uliokwisha kukaza, kisha naifungia fundo. Pale mkanda unapopita hewani bila kugusa begi, nauzungusha mara moja kabla ya kuukaza, kwa maana mkanda ulionyooka bapa hutetemeka kwa upepo, huvuma, na mtetemo huo huulegeza polepole.

Kabla ya kuridhika na mabegi ya pembeni, mwombe mtu mzito akae kwenye kiti na kukikandamiza huku wewe umechuchumaa nyuma ukitazama. Gurudumu linapopanda, nafasi ambayo ilionekana kubwa pikipiki ikiwa imesimama inaweza kutoweka kabisa. Tazama pia umbali kati ya begi na bomba la moshi, na kumbuka kwamba begi husukumwa ndani na upepo. Ngao ya chuma kati ya viwili hivyo ni kinga nzuri, mradi iwe na nafasi ya hewa kila upande, kwa kuwa chuma kinachogusa bomba na kugusa begi hupitisha joto lilelile. Hakikisha vilevile kwamba taa ya nyuma na indiketa zinaonekana kwa mtu anayekuja nyuma. Mahali begi linapogusa rangi, pasafishe na upabandike karatasi ya plastiki ya kinga, maana vumbi likinaswa hapo husugua kama msasa.

Begi la tangi linafaa kwa vitu vidogo vinavyohitajika mara kwa mara. Geuza usukani hadi mwisho wa kulia na wa kushoto, uone kama begi linabonyeza honi au linazuia mkono. Lenye sumaku hushika kwenye tangi la chuma cha kawaida pekee, si la alumini wala la plastiki. Begi la mgongoni silipendekezi kwa safari ndefu: huchosha mabega, na kitu kigumu kilichomo ndani yake, kama kufuli au kamera, kinaweza kuumiza uti wa mgongo mtu akianguka.

Pikipiki iliyopakiwa si ile uliyoizoea, na lazima irekebishwe. Matairi yajazwe upepo kwa kiwango ambacho kitabu kimetaja kwa ajili ya mzigo, na yapimwe yakiwa baridi. Springi ya shokapu ya nyuma iongezwe ugumu ikiwa ina sehemu ya kurekebishia, la sivyo nyuma itazama, taa ya mbele itamulika machoni mwa wanaokuja, na cheni itabadilika ukazaji. Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana: nyuma ikizama, stendi ya pembeni huwa ndefu kuliko inavyohitajika, hivyo pikipiki husimama wima mno na inaweza kuangukia upande wa pili kwa kuguswa kidogo au kwa upepo. Nimeinyanyua yangu kwa sababu hiyo, tena mara mbili.

Fanya jaribio siku mbili au tatu kabla ya kuondoka, ukiwa na mzigo wote, kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 katika barabara yenye matuta na mahali pa kufungia breki kwa nguvu. Siku yenyewe ya safari, simama baada ya umbali kama huo na ukaze mikanda yote, kwa sababu hata mzigo uliopangwa vizuri hutulia kidogo. Baadaye kila kituo cha mafuta kinatosha kuwa ukumbusho. Wakati tangi linajazwa nazunguka pikipiki mara moja, nikianzia begi la kushoto. Navuta kila mkanda kwa vidole viwili, nagusa kila ncha iliyofungwa fundo, kisha napeleka kiganja kati ya begi la kulia na ngao ya bomba la moshi, nikihisi kama nafasi bado ni ileile ya asubuhi.