Mgonjwa akikwambia halali, usikimbilie kidonge

Wadogo zangu mnaoripoti kliniki ya afya ya akili, karibuni. Miongozo mtapewa, isomeni. Mimi nina neno kuhusu usingizi tu.

Mtu mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, yaani depression) ya miaka miwili na zaidi ni nadra aje akisema ana huzuni. Huzuni ameshaizoea, anadhani ndivyo alivyoumbwa. Atalalamika kichwa, kifua kuwaka moto, halafu, akiwa karibu kuondoka, "na silali, dokta." (Hata ukiwa nesi utaitwa dokta, usipoteze muda kusahihisha.) Ukiandika "hapati usingizi" ukampa vidonge, amerudi nyumbani na tatizo lake lote.

Muulize usiku wake ulivyo. Anapanda kitandani saa ngapi, usingizi unamchukua saa ngapi, anashtuka saa ngapi? Wa sonona mara nyingi huamka saa tisa au kumi za usiku asilale tena, na asubuhi huwa na hali mbaya kuliko jioni. Kisha uliza: "Saa hizo uko macho peke yako, mawazo yanakwenda wapi?" Ukishauliza, nyamaza. Mama mmoja alikunja na kukunjua pindo la kanga yake kwa muda mrefu, ndipo akasema watoto wangepumzika yeye asingekuwepo. Bintiye aliyekuwa anamsubiri kwenye benchi alijua mama ana presha tu.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kukosa usingizi na ndoto za kutisha za mara kwa mara huambatana na hatari kubwa zaidi ya kujiua, hata pale uzito wa sonona yenyewe unapozingatiwa. Haishangazi. Mtu asiyelala hana subira wala uwezo wa kupima mambo, na fikra mbaya humjia wakati nyumba nzima imelala, hana wa kumwambia. Tena usingizi ukiharibika, sonona iliyokuwa imetulia inaweza kurudi.

Kwenye PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, swali la 3 ni la usingizi na la 9 ni la kutamani kufa au kujidhuru. Wengi wakifika la 9 wanashusha sauti: "Mawazo ya kujiua huna, eti?" Hapo umeshamjibia. Uliza wazi, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Ila jua anachokiogopa: hapa Tanzania kujaribu kujiua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, ingawa kwa wenzetu Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka Katiba. Mwambie mapema umekaa naye kumtibu. Lakini usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana huenda ukalazimika kumwita ndugu.

Kwenye dawa, kuweni macho. Amitriptilini, dawa ya sonona, huleta usingizi mapema, lakini ikizidishwa inaweza kuua kwa kuvuruga moyo, kwa hiyo mwenye mawazo ya kujiua apewe za siku chache, azishike ndugu. Fluoksetini, nayo ya sonona, inaweza kufukuza usingizi, hivyo inywewe asubuhi. Wiki za mwanzo za dawa mtu anaweza kupata nguvu kabla hajapata matumaini, akaweza kujidhuru. Mimi kumpa mgonjwa tarehe ya kurudi ya mwezi ujao sipendi hata kidogo. Mwite ndani ya wiki.

Si kila asiyelala ana sonona ya kawaida. Anayelala kwa muda wa saa mbili tatu tu akaamka na nguvu tele, maneno hayaishi, mpeleke kwa daktari kwanza, maana dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha msisimko huo zaidi. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku, kisha kusinzia mchana kutwa, diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, inaweza kumzidishia. Habari hiyo utaipata kwa mwenza wake.

Akikujibu ndiyo kwenye swali la 9, usimwache peke yake hata kwenda kupima presha. Daktari amwone siku hiyo hiyo. Ndugu aulizwe nyumbani kuna dawa gani, na kama kuna sumu ya shambani, ihamishiwe kwa jirani leo. Kwenye kadi andikeni namba ya mtu ambaye mgonjwa amemchagua kumpigia usiku, na mmpigie mkiwa pamoja. Asipopokea, tafuteni mwingine kabla mgonjwa hajatoka mlangoni.