Maswali ya Wasomaji: Mkataba Umekwisha, Mbona Mchezaji Hayuko Huru?

*Shikamoo mzee. Kaka yangu yuko Edmonton, Kanada, na amenivuta kwenye magongo ya barafuni mpaka nimekuwa shabiki wa Oilers, ingawa barafu ninayoijua mimi ni ya kwenye friji ya soda. Agosti 2024 tulipoteza vijana wawili kwa mpigo, Philip Broberg na Dylan Holloway, wakaenda St. Louis Blues. Kaka anasema mikataba yao ilikuwa imekwisha. Kama ilikwisha, kwa nini Edmonton walipewa siku saba za kufikiria? Na kama walikuwa bado wetu, St. Louis walipata wapi ruhusa ya kuwaandikia mkataba? – Msomaji, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Barafu usiitafute kwenye friji. Panda Kitulo alfajiri ya mwezi wa saba uikute sakitu imelala juu ya majani. Ila gongo usibebe. Sisi wa umri wangu magongo tunayoyajua ni ya nyasini, na yale ya Olimpiki ya Moscow 1980, India walipotufunga 18 kwa 0, sitayaongea hapa.

Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani hapa Mbeya mpaka nikastaafu, na mikataba ndiyo niliyokuwa naisoma tangu asubuhi hadi jioni. Huu wa magongo umenifurahisha kuliko mingi. Kaka yako yuko sahihi, mikataba ilikwisha. Haki ya klabu ndiyo iliyokuwa haijaisha.

NHL, ligi ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada yenye timu 32, haiwatazami kwa jicho moja wachezaji waliomaliza mikataba. Aliyefikisha miaka 27, au aliyekwisha kutumikia misimu 7 ya ligi, anachukua begi lake na kwenda anakotaka. Aliye chini ya hapo ni huru wa masharti. Klabu yake ikimwandikia ofa ya kumshikilia kabla Juni haijaisha, inabaki na haki juu yake. Ofa yenyewe haihitaji kuwa nono. Wenye mishahara midogo huongezewa kidogo, na aliyekuwa akilipwa dola milioni 1 au zaidi kwa kawaida anaandikiwa mshahara ule ule wa mwaka wa mwisho. Klabu isipoandika kitu, kijana yuko huru kabisa. Wapo wanaoachwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu mshahara wao wa mwisho ni mkubwa kuliko kazi yao.

Broberg alikuwa na miaka 23, Holloway 22. Wote wawili Edmonton waliwachagua wakiwa chipukizi, mmoja mwaka 2019 na mwingine 2020, wakawalea. Kwa umri huo wasingeweza kuondoka hivi hivi.

Sasa huo mlango wa St. Louis. Sheria inaruhusu klabu nyingine, kuanzia Julai, kumwendea kijana wa namna hii na mkataba kamili, wenye kiasi na miaka. Akiusaini, klabu ya zamani inaarifiwa na siku 7 zinaanza kuhesabiwa. Inaweza kukubali mkataba ule ule kama ulivyo, kijana akabaki kwake kwa bei iliyopangwa na jirani. Au inamwachia, nayo inafidiwa. Fidia yake haiji kwa fedha. Inakuja kwa nafasi za kuchagua chipukizi kwenye drafti zijazo, yaani mgao wa kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana wapya kwa zamu, raundi kwa raundi, na kadiri mshahara unavyokuwa mkubwa ndivyo nafasi zinavyokuwa nyingi na za raundi za juu.

Binamu yangu wa Rungwe ana mkataba wa parachichi unaofanana na huo. Mnunuzi alimpa miche na mbolea, wakaandikiana kwamba akitokea mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi, yule wa kwanza apewe wiki moja. Akiifikia bei, mzigo ni wake. Akishindwa, mgeni anabeba parachichi na kumlipa wa kwanza gharama za miche. Binamu hapendi kipengele hicho, lakini bei ya mgeni ikitajwa hadharani, yeye ndiye anayecheka kwanza.

Hebu tazama tarakimu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Broberg aliandikiwa miaka 2 kwa dola 4,580,917 kwa mwaka. Holloway miaka 2 kwa dola 2,290,457 kwa mwaka. Nani anaandika mshahara wenye 917 mwishoni? Anayejua ngazi za fidia za mwaka ule. Dola 4,580,917 ilikuwa kikomo cha juu kabisa cha ngazi ambayo fidia yake ni nafasi moja ya raundi ya pili. Ukiongeza dola moja unaangukia ngazi ya nafasi ya raundi ya kwanza na ya raundi ya tatu kwa pamoja. Dola 2,290,457 nayo ilikuwa kikomo cha ngazi ya raundi ya tatu. Kwa hiyo usizisome namba hizo kama maoni ya St. Louis juu ya uwezo wa vijana. Walitafuta mshahara mkubwa kuliko yote ambao fidia yake bado ni nyepesi.

Na walijiandaa. Fidia lazima ilipwe kwa nafasi za klabu yenyewe, si za kununuliwa kwa wengine, na nafasi yao ya raundi ya pili ya mwaka 2025 ilikuwa mikononi mwa Pittsburgh Penguins. Wakaenda kuikomboa kwanza, ndipo wakatoa ofa zote mbili Agosti 13. Ningekuwa bado ofisini ningelipongeza jalada hilo.

Edmonton walikuwa wamefungwa mikono na kitu kingine: ukomo wa mishahara. Tangu 2005 ligi hii ina kiwango ambacho jumla ya mishahara ya timu haiwezi kukivuka. Msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88, na Edmonton walikuwa wameshaukaribia baada ya kusajili kiangazi kile. Kuwabakiza wote wawili kungewagharimu karibu dola milioni 6.9 kwa mwaka, huku Leon Draisaitl akisubiri mkataba wake mkubwa. Pesa labda walikuwa nazo. Nafasi chini ya ukomo ndiyo iliyokuwa finyu. Agosti 20 wakawaachia.

Ofa ya namna hii hulenga mfuko wa jirani siku ambayo mfuko huo una tundu, na kijana ananufaika akiwa katikati. Holloway alifunga mabao 26 msimu wake wa kwanza St. Louis, akamaliza na pointi 63, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Edmonton nao wakafika fainali tena 2025 bila yeye, kwa hiyo mwambie kaka asilie sana.

Na kabla hajasema neno juu ya ujirani mwema, mwambie pia kwamba mwaka 2007 Edmonton ndio waliokuwa wavamizi. Walimwandikia Dustin Penner wa Anaheim Ducks, mabingwa wa mwaka ule ule, miaka 5 kwa dola milioni 21.25. Anaheim wakashindwa kufuata, na Brian Burke aliyekuwa akiiendesha timu hiyo hakuficha hasira zake.

*Kamwene mzee wa safu. Nimefuatilia hii habari ya ofa za magongo. Kama ni njia halali ya kupata kijana mzuri, kwa nini klabu haziitumii kila mwaka? – Msomaji, Kihesa, Iringa*

Kamwene, ndugu yangu. Kwa sababu mara nyingi inashindwa, na ikishindwa umemfanyia mwenzako kazi. Umemsainishia mchezaji wake, umempangia bei, naye anatia saini na kukushukuru kimoyomoyo. Julai ile ile ya 2007 Edmonton walijaribu kwanza kwa Thomas Vanek wa Buffalo Sabres, miaka 7 kwa dola milioni 50. Buffalo walifuata bei. Mwaka 2012 Philadelphia Flyers walimwandikia Shea Weber wa Nashville Predators miaka 14 kwa dola milioni 110, pesa nyingi zikiwa za kulipwa miaka ya mwanzo, wakiamini mji mdogo usingezipata. Nashville walizipata. Baada ya Penner, hakuna klabu iliyofanikiwa kumchukua mtu kwa njia hii mpaka 2021.

Kuna hofu ya kisasi pia, na hofu hiyo haikutoka hewani. Julai 2019 Montreal Canadiens walimwandikia Sebastian Aho wa Carolina Hurricanes miaka 5 kwa dola milioni 42.27. Ujanja ulikuwa kwenye mpangilio: dola milioni 21 ziwe pesa za kusaini, zilipwe katika mwaka wa kwanza. Walikuwa wanaupima mfuko wa mwenye timu. Akatoa, Aho akabaki.

Carolina hawakusahau. Agosti 2021 walimwandikia Jesperi Kotkaniemi wa Montreal mwaka mmoja kwa mshahara wa dola 6,100,015, na pesa ya kusaini dola 20. Dola ishirini! Jezi ya Kotkaniemi ilikuwa namba 15, na ya Aho ni 20. Tangazo wakalitoa na kwa Kifaransa, lugha ya mashabiki wa Montreal. Nimeona watu wakipelekana mahakamani kwa dharau ndogo kuliko hiyo.

Montreal walimwachia, wakapokea nafasi ya raundi ya kwanza na ya tatu, na siku ile ile wakamnunua Christian Dvorak kutoka Arizona kuziba pengo. Wengi wanakumbuka kejeli tu. Mimi nakumbuka kilichofuata. Ule mshahara wa milioni 6.1 ulikuwa chambo. Machi 2022 Carolina walimpa Kotkaniemi mkataba mrefu wa miaka 8 kwa dola milioni 4.82 kwa mwaka. Bei ya kumng'oa mtu na bei ya kukaa naye zilikuwa mbili tofauti.

Kuna jambo jingine la kuangalia ukitaka kujaribu: maandishi madogo. Februari 2013 Calgary Flames walimwandikia Ryan O'Reilly wa Colorado Avalanche miaka 2 kwa dola milioni 10. Colorado walifuata bei upesi. Baadaye ikajulikana kwamba O'Reilly alikuwa amecheza Urusi baada ya msimu wa NHL kuanza, na ligi ikasema kwamba Colorado wangemwachia, angelazimika kwanza kuwekwa wazi kwa timu nyingine zote kabla ya kuvaa jezi ya Calgary. Maana yake Calgary wangeweza kulipa fidia ya raundi ya kwanza na ya tatu, halafu mchezaji achukuliwe na mtu wa tatu bila jasho. Calgary walidai wanaisoma sheria vingine. Bahati yao hawakulazimika kuthibitisha.

*Mzee, na kijana ambaye hakuna klabu ya nje inayomwandikia, anafanyaje? Anasaini tu anachopewa? – Mama wa mchezaji, Makambako*

La hasha, mama. Ana njia mbili. Akiwa ametimiza miaka ya huduma inayotakiwa, anaweza kuomba usuluhishi: kila upande unapeleka hoja zake, msuluhishi anataja mshahara wa mwaka 1 au 2. Ila akishaomba, klabu za nje haziruhusiwi tena kumwandikia ofa, kwa hiyo achague mapema.

Njia ya pili ni kukaa nyumbani. Hapo kuna ukuta: asiposaini hadi Desemba mosi, saa 11 jioni ya New York, hachezi NHL msimu mzima uliobaki. William Nylander wa Toronto Maple Leafs alikaa hivyo mwaka 2018 na kusaini zikiwa zimebaki dakika chache. Kwetu ilikuwa inakaribia saa 7 usiku. Sikumshauri mtu yeyote kufanya hivyo nilipokuwa kazini na sikushauri leo, kwa sababu mshahara wa miezi miwili haurudi. Kwake yeye ulilipa: mkataba wa miaka 6 wenye wastani wa karibu dola milioni 7 kwa mwaka.

*Mzee, kwa hiyo Fei Toto na Yanga ilikuwa ni hii hii? Na je, klabu zetu za Mbeya zinaweza kupata haki kama hiyo? – Msomaji, Tukuyu*

Ndaga kwa swali, lakini hapana. Feisal Salum alitaka kuondoka Desemba 2022 mkataba wake na Yanga ukiwa bado hai. Hilo ni suala la kuvunja mkataba, na ndiyo maana TFF ilisema bado ni mchezaji wa Yanga mpaka klabu zilipoelewana akaenda Azam, Juni 2023. Vijana wa Edmonton hawakuvunja chochote.

Kwenye soka mkataba ukiisha umeisha. Tena ikibaki miezi 6, mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine. Prisons au Mbeya City wakimlea kijana pale Sokoine na mkataba ukamalizika, hawana siku 7 za kulinganisha bei. Wakitaka kitu, waandike mkataba mpya kabla ya miezi hiyo 6, au wamuuze kabla haujaisha. Kanuni za FIFA zinayo fidia ya malezi, na anayeidai lazima awe na karatasi za usajili za kijana tangu utotoni. Nimeona majalada ya klabu kadhaa za mkoa wetu. Anzeni na kununua mafaili.