Maswali na Majibu: Flavonoidi Zikishaingia Kwenye Damu

Nasikia flavonoidi, kemikali za asili za mimea, hunaswa na protini za damu. Zikishanaswa si zimepotea bure?

Hazinaswi, zinabebwa. Mbebaji mkuu ni albumini, protini inayotengenezwa na ini. Lita moja ya plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huwa na gramu 35 hadi 50 hivi za albumini. Flavonoidi nyingi haziyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo hujibanza kwenye vijimfuko vya albumini ambamo maji hayapenyi kwa urahisi. Mshiko huo ni wa muda: molekuli huingia na kutoka wakati wote. Zilizo huru zikichukuliwa na seli, nyingine huachiwa zishike nafasi.

Hukaa sehemu gani ya albumini?

Kwersetini, ile flavonoidi ya vitunguu, hupendelea mfuko ulio katika kanda ya pili kati ya kanda tatu za protini hiyo. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo hukaa humo humo.

Haya yote yamejulikanaje?

Njia niipendayo ni ya mwanga. Albumini ya binadamu ina amino asidi 585, vile vipande vinavyojenga protini, lakini ya aina iitwayo triptofani ni moja tu, iliyo nafasi ya 214, na kwa bahati njema ipo kwenye mfuko huo huo. Ukiimulika kwa urujuanimno wa nanomita 295, hung'aa karibu na nanomita 340. Dondosha kwersetini kidogo kidogo na mng'ao unafifia. Kasi ya kufifia ndiyo hutumika kukadiria nguvu ya mshiko. Ila kuna mtego: kwersetini yenyewe hufyonza mwanga, na asiyesahihisha hilo hujikuta na mshiko mkubwa kuliko ulivyo. Tena wengi hutumia albumini ya ng'ombe kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Hiyo ina triptofani mbili, kwa hiyo usiisome kana kwamba ni ya mtu.

Flavonoidi yenye sukari je?

Kwa kawaida mshiko wake ni dhaifu zaidi. Sukari huongeza unene, na hupenda maji.

Natumia wafarini. Vidonge vya flavonoidi vitaisukuma itoke kwenye albumini?

Kwenye mrija wa maabara, ndiyo, hugombania nafasi. Mwilini hesabu ni nyingine. Albumini ni kama mikromoli 600 kwa lita, ilhali flavonoidi baada ya mlo hufika mikromoli chache tu, kwa hiyo nafasi zipo tele. Isitoshe, utumbo na ini huibadili kwersetini kabla haijasambaa, zikiipachika salfeti au asidi ya glukuroni, na kinachozunguka si kile kilichopimwa kwenye mrija. Mimi ningehofia zaidi vimeng'enya vya ini vinavyoivunja wafarini, maana vidonge vyenye dozi kubwa vinaweza kuvigusa. Mwambie daktari wako kabla ya kuvianza, ili apime upya kuganda kwa damu yako.