Samaki wa meno marefu aliyenaswa nje ya Msimbati

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nachuuza samaki hapa Mikindani. Vijana wanaoniletea mzigo walirudi kutoka nje ya Msimbati na samaki aliyenasa usiku kwenye mshipi wa jodari. Anapita mita moja, bapa kama utepe, hana magamba, mdomo umejaa meno, na mgongoni ana pezi refu. Mmoja anadai ni sulisuli mchanga. Nyama ilitepeta kabla hatujafika sokoni. Nimekutumia picha. Ni samaki gani, na naweza kumuuza?

JIBU: Marahaba, dada. Huyo ni Alepisaurus ferox, samaki wa kina kirefu ambaye wavuvi wa jodari katika bahari nyingi duniani humkuta kwenye ndoana bila kumtafuta. Sulisuli wa urefu huo angekuwa tayari na mdomo wa juu uliochongoka.

Meno ndiyo yanayowapoteza watu, kwa sababu samaki warefu wenye meno ya kutisha si mmoja. Anza na mkia. Trichiurus lepturus, yule wa rangi ya fedha anayefika hata maji ya karibu, hana pezi la mkia kabisa. Mwili unapungua mpaka unaishia ncha nyembamba. Wako ana mkia wa panda. Gempylus serpens naye ana mkia wa panda, ila mbele ya mkia ana vipezi vidogo vilivyopangana, kama ulivyozoea kuviona kwa nguru. Wako, kwenye picha ya pili, ana kipezi kimoja tu, laini, cha nyama. Hapo ndipo shaka iliponiishia. Regalecus, yule anayeweza kufika mita 8, usimfikirie: hana meno hayo.

Pezi la mgongoni nalo lina hila. Huanzia nyuma ya kichwa, na likilala huzama kwenye mfereji wa mgongoni, hivyo samaki aliyekufa anaweza kuonekana kama hana pezi. Livute kwa vidole.

Kuhusu kutepeta, usiwalaumu vijana wala barafu. Nyama yake ina maji mengi tangu akiwa hai. Si samaki wa kukimbizana na windo kwa muda mrefu. Huvizia, kisha huchomoka ghafla. Anashuka zaidi ya mita 1,000, na Msimbati kina kikubwa hakiko mbali na ufukwe.

Kabla hujamtupa, mpasue tumbo. Chakula hukaa humo kizima, hakijasagika, na watafiti hulitumia tumbo hilo kujua viumbe wa kina ambao nyavu hazileti: ngisi, pweza, samaki wadogo, hata wa jamii yake mwenyewe. Plastiki pia. Ukiona kitu cha ajabu, kipige picha kando ya rula, kigandishe, umjulishe afisa uvuvi au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania.

Kuuza? Hajulikani kuwa na sumu, lakini ukimkaanga atayeyukia kwenye kikaango, na kwa ng'onda utapoteza chumvi bure. Mimi nisingempima kwa kilo mbele ya mteja ninayetaka arudi kesho. Wa kuogopa ni mwingine: Ruvettus pretiosus, mwenye ngozi ya kukwaruza na nyama nyeupe ya kuvutia. Mafuta yake hayasagiki tumboni, na mlaji huharisha mafuta matupu. Huyo naye hunasa kwenye mishipi ya kina usiku, kwa hiyo mpapase ngozi kabla hujalipa.