Mume yu hai, mbona wanataka nisaini haki ya mjane?

SWALI: Mume wangu ananunua nyumba hapa Columbus, Ohio, kwa mkopo wa benki na kwa jina lake peke yake. Nimeletewa karatasi nisaini kwamba naachilia "dower". Nimeambiwa ni haki ya mjane, na mume wangu ni mzima. Nikisaini, deni nalo litakuwa langu?

JIBU: Haki hii mjane huivuna mume akishafariki, lakini huanza mume angali hai, pale tu anapomiliki ardhi akiwa ndani ya ndoa. Sheria ya Ohio inampa mwenzi, mke au mume, haki ya kutumia theluthi ya ardhi na nyumba ya mwenzake maisha yake yote. Mumeo akiuza bila saini yako kisha akatangulia kufa, unaweza kuidai theluthi hiyo kwa aliyenunua, hata kama alilipa bei kamili. Benki nayo, inayoishika nyumba kama dhamana, inaogopa hilo hilo.

Asili yake ni Uingereza, ambako ardhi ya marehemu ilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume na mjane hakurithi. Magna Carta, hati ya haki ya mwaka 1215, ilimruhusu akae nyumbani kwa mumewe siku 40, na ndani ya siku hizo akatiwe sehemu yake bila kutozwa kitu. Toleo la 1217 likataja theluthi. Sheria ya 1833 ilimpa mume uwezo wa kumnyima mkewe sehemu hiyo, na mwaka 1925 haki yenyewe ikafutwa kabisa. Lakini ilikwishavuka bahari: sheria ya 1787 ya eneo lililozaa Ohio ilimhifadhia mjane theluthi yake. Michigan imeifuta 2017; Ohio, Kentucky na Arkansas bado wanayo.

Sasa deni. Kuna hati ya rehani, inayoiweka nyumba dhamana, na kuna hati ya ahadi ya kulipa, inayomfunga mkopaji. Kuachilia haki yako kwenye rehani hakukufanyi mdaiwa. Ukisaini ahadi ya kulipa, umeingia. Usikubali kuharakishwa. Kila karatasi, uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Na unaiachilia kwa benki hiyo tu: siku nyumba ikiuzwa, saini yako itatakiwa tena.

Mumeo akifa nyumba ikiwa bado yake, theluthi hiyo hukoma na mirathi huchukua nafasi yake. Kama hakuacha wosia na watoto wake wote ni wako pia, urithi wote ni wako. Akiwa na watoto aliozaa na mwingine, mtagawana nao. Unaruhusiwa pia kukaa humo mwaka mzima bila kodi. Talaka huifuta haki hii. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: kabla ya kusaini, omba jina lako liingie kwenye hati ya nyumba, kwa umiliki ambao anayebaki hai anachukua yote.

Wanaokwama zaidi ni wanaume walioandikisha "hajaoa" kwenye hati za nyumba ilhali mke yuko Tanga au Bukavu. Ndoa iliyofungwa kihalali huko kwa kawaida hutambuliwa Ohio, na mauzo husimama ikigundulika. Mke huyo apange miadi na ubalozi wa Marekani katika nchi yake, aende na pasipoti na hati ya kuachilia haki yake ambayo haijasainiwa. Atasaini mbele ya ofisa. Akisaini nyumbani, hawataithibitisha.