Mashine ya pamoja imeziba na sampuli zimekufa, je tununue yetu?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nafanya utafiti wa seli za kinga. Maabara yetu haina flosaitomita (mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza ili kuzihesabu na kuzitambua) kwahiyo tunatumia ile ya maabara ya pamoja, tunalipa kwa saa. Juzi nimebuku zamu ya mchana, damu nimeanza kuiandaa alfajiri, nafika nakuta aliyenitangulia kaiziba mashine na kaondoka zake, fundi kainama anafungua mipira. Zamu ikapita hivyo hivyo na seli zikafa. Sasa profesa wangu anataka tununue yetu hata kama ni yuzidi, yaani iliyokwishatumika. Ni sawa kweli? Na hiyo hela ya kila saa ni ya nini wakati mashine ilishanunuliwa?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kupoteza sampuli kunauma, tena damu ya mtu aliyekubali kuchomwa sindano kwa ajili ya utafiti wako.

Nianze na hela. Mashine ikishanunuliwa ndo kwanza inaanza kula, leza zinachoka, pampu zinakufa, na mkataba wa sevisi na watengenezaji kwa kawaida unakaribia asilimia 10 ya bei ya mashine, kila mwaka, hapo bado mshahara wa anayeiendesha. Wafadhili wengi wako radhi kununua kifaa ila matengenezo hawataki kuyasikia, ndo maana unakuta mashine za maana zimefunikwa plastiki miaka na miaka kisa kipuri kimoja. Hiyo hela yako ya saa ndo inayozuia hilo.

Kuhusu yuzidi, mi naona hapana, labda kama mnaitumia karibu kila siku. Modeli ikizeeka watengenezaji wanaacha kutoa vipuri, na siku ikiziba fundi utakuwa wewe, utafiti wako utasubiri.

Sasa tuje kwenye kuziba kwenyewe maana hapa ndo pana kazi. Seli zikifa zinamwaga DNA, na DNA inanata, inazikusanya nyingine mpaka yanakuwa madonge, halafu yanapelekwa kwenye njia nyembamba, kwenye mashine za kutenganisha seli tundu huwa ni mikroni 70 au 100 tu (mikroni 1,000 ndo milimita moja). Kila sampuli ichujwe kwenye chujio la mikroni 35 au 40 dakika za mwisho kabisa kabla ya kuiweka, sio asubuhi ukaiacha ikae ikagandana upya. EDTA kidogo (kemikali inayozuia seli kushikana) kwenye bafa, yaani kile kimiminika unachowekea seli, inasaidia, na madonge yakizidi kuna DNase, kimeng'enya kinachokatakata DNA. Ukimaliza pitisha klorini iliyozimuliwa dakika kadhaa, kisha maji safi dakika kadhaa, na hayo maji usiyafupishe hata kama una haraka vipi, klorini ikibaki inaua seli za mwenzako. Ombeni muda wa kuosha uhesabiwe ndani ya zamu ya mtu na anayeacha uchafu alipishwe, bila hivyo mtagombana kila wiki.

Kingine, kabla hujabuku nenda kaongee na yule fundi. Muulize zile shanga za kupimia za asubuhi (chembe ndogo za plastiki za kukagua mashine) zimesomaje, zikionyesha leza imeshuka ahirisha, usichome sampuli bure. Muulize pia kama seli zako zinaweza kukazwa kwa paraformaldehaidi (kemikali inayoziua seli ila inaziacha na umbo lake, sio kuzigandisha kwa baridi), maana zikikazwa zinakaa kwenye friji gizani hadi kesho yake na mashine ikiharibika hupotezi kitu. Ila jaribu kwanza na kingamwili zako zote (zile zenye rangi unazozitumia kutambua seli), baadhi hazishiki vizuri baada ya hapo, na kama unataka seli hai njia hii haikufai. Na huyo fundi akikusaidia kupanga jaribio na kuchambua data jina lake liingie kwenye waandishi wa makala, sio kushukuriwa juu juu tu.

Profesa wako mwambie hiyo nguvu ya kutafuta hela aipeleke kwenye maabara ya pamoja. Aombe rekodi ya saa za matumizi, kama kalenda inajaa kila siku basi mna hoja ya mashine ya pili, waandike ombi yeye na wenzake. Kule Marekani NIH (taasisi ya serikali inayofadhili utafiti wa afya) wana mpango wa S10 wa vifaa vya kutumia pamoja, na moja ya masharti ni watafiti wakuu wasiopungua 3 wenye ruzuku za NIH waonyeshe wanakihitaji. Wafadhili wengine nao hoja ya namna hiyo wanaielewa haraka kuliko ya maabara moja kutaka mashine yake peke yake.